Mwanya wa Mama Erot

Ijumaa hiyo Nurto hakuleta maziwa. Teresia Nakaale aliinjika birika lake palepale alipozoea, pembeni mwa soko la ng'ombe ambapo lori za kwenda Garba Tulla zilisimama kungoja ulinzi wa askari. Akatia majani, akachochea moto, akakaa kungoja. Wateja wa kwanza wakaambiwa wavute subira. Waliofuata hawakuwa na subira ya kuvuta, wakanywa ya rangi huku wakinung'unika.

Nurto alikuwa mke wa Kanchoro, yule Mborana aliyechota maji mtoni kwa punda na kuyazungusha mjini. Teresia alikuwa Mturkana, Mkatoliki, mjane wa marehemu Lobokat, na watu wengi walimwita Mama Erot kwa jina la mwanawe aliyefanya kazi Nanyuki. Tangu vita vya serikali na waasi wa shifta vishike nguvu, watu wa Isiolo walikuwa wamejifunza kusalimiana huku kila mmoja akiangalia mikono ya mwenzake. Nurto na Teresia hawakujifunza hayo. Mmoja alisema "Salaam aleikum" na mwingine akaitikia "Habari ya kuamka", na kibuyu cha maziwa kikabadili mikono.

Alipopita Peris, mama wa Kimeru muuza miraa, mzigo begani na mdomo ukiwa umeshaanza kazi, Teresia alikuwa akitazama barabara.

"Mama Erot, leo chai ni kavu hivi? Kwani kuna Kwaresima nyingine sikuambiwa?"

"Nangoja Nurto."

Peris akatua mzigo. Uso wake ukabadilika. "Basi hujasikia. Kanchoro amebebwa jana adhuhuri. Punda wameachwa barabarani na maji yao mgongoni, mpaka watu wakawahurumia wakawafungua."

"Amebebwa na nani?"

"Na askari wa ile kambi iliyowekwa juzijuzi huko juu. Eti ndiye aliyekuwa akichunguza lori ya unga kabla haijalipuliwa."

Teresia akafanya ishara ya msalaba. Ile lori iliyokanyaga baruti siku ya Jumatano ilikuwa imeua wapakiaji wawili, na mmoja wao, Lochoro, alikuwa akiimba naye kanisani, sauti nzito ya nyuma. "Kanchoro? Nani mwenye roho ya kumtaja Kanchoro?"

"Hakutajwa jina. Umetajwa mwanya. Mborana mwenye mwanya, meno ya juu, katikati. Sasa ukisimama hapa sokoni ukauliza Mborana mwenye mwanya, nani hatakuonyesha nyumba ya Kanchoro? Nurto mwenyewe husema aliolewa na mwanya, huyo mwanamume alikuja nao tu."

Teresia alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyeamini. "Lakini Kanchoro hana mwanya. Meno yake yote yamo kinywani."

"Mama Erot, acha mchezo. Mtu yuko ndani."

"Si mchezo. Mwanya si ndio huu?" Akavuta mdomo wake wa chini kwa kidole, akaonyesha pale palipong'olewa meno mawili alipokuwa msichana, kama ilivyokuwa desturi kwao.

Peris alimtazama, akatazama kile kidole, kisha akapasuka. Alicheka mpaka akashika kiuno. "Kumbe hujui! Yesu wangu! Miaka yote hii ukituambia 'mimi na mwanya wangu', sisi tunadhani unatuchekesha, kama vile mtu mwenye kipara anavyoomba kitana! Hilo ni pengo, mama. Pengo. Mwanya mtu huzaliwa nao. Meno yote yapo, ila haya mawili ya mbele yamekataa kusogeleana. Ndio uzuri wenyewe huo. Lako ni la kung'olewa."

"Pengo ni la kikombe," Teresia alisema polepole. "Pengo ni la shoka."

"Na la mdomo," Peris akamaliza, akifuta machozi ya kicheko. Akabeba mzigo wake, akaenda zake, na kwa umbali wa maduka mawili bado mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Teresia alibaki ameshika kifuniko cha birika. Moto ulikuwa ukiwaka vizuri, hakuna kilichobadilika mbele ya macho ya mtu yeyote, lakini yeye alihisi kama aliyegundua katikati ya misa kwamba nguo yake imepasuka nyuma tangu nyumbani.

Maana aliyetaja mwanya alikuwa yeye.

Jumatatu alikuja mtu mgeni, amejifunga shuka kama Mborana, akanywa chai kwa upande mmoja wa mdomo kwa sababu jino lake la mbele la juu halikuwepo. Akauliza lori za unga zinatoka lini, na kama askari hukaa mbele au nyuma. Teresia hakumjibu, lakini alimwangalia vizuri, kwa kuwa ilikuwa tabia yake kuangalia. Jumatano lori ikalipuka. Jioni ile ile askari wakazunguka kwa wauza chai wakiuliza ni nani ameona nini, na Teresia, akiwa bado na machozi ya Lochoro, alisema alichokiona. Sajini akamuuliza, "Alama yoyote usoni?" Naye akajibu bila kusita, "Ana mwanya hapa mbele, ya juu, katikati." Alilisema neno hilo kwa fahari kidogo. Aliona sajini amelielewa mara moja, akafurahi kwamba Kiswahili chake hakikuhitaji mkalimani.

Alikuwa na neno lile kutoka kwa Lobokat. Lobokat alikuwa mpishi wa afisa mmoja wa mifugo, akakaa naye Malindi miaka mingi, akarudi na Kiswahili cha pwani kilichowafanya watu wa Isiolo wanyamaze anaposema. Alipomwoa Teresia, msichana aliyefunika mdomo kila alipocheka kwa sababu wasichana wa misheni walimcheka meno yake, Lobokat alimtoa mkono mdomoni. "Acha niuone mwanya wangu," alisema. "Huko pwani mwanamke mwenye mwanya hutungiwa nyimbo." Tangu siku hiyo hakufunika tena. Aliuliza mara moja tu, mwanya ni nini hasa, na Lobokat akamwambia ni nafasi ambayo Mungu ameiacha ili uzuri upate pa kupitia. Teresia alikuwa na madarasa manne ya misheni na imani kamili kwa mumewe. Akaliweka neno lile moyoni pamoja na sala.

Na Lobokat alijua. Hapo ndipo aibu ilipompata vizuri. Mpishi aliyekaa Malindi hawezi kukosa kujua pengo ni nini. Alijua, akachagua kumpa mkewe lile neno zuri badala ya lile la vikombe na mashoka, na labda siku ile alicheka ndani kwa ndani, labda hakucheka. Haikuwezekana kumuuliza tena. Lakini yeye Teresia alikuwa ametembea na zawadi ile mbele za watu miaka yote, akiwarekebisha wanawake wenzake maneno ya katekisimu, "si kipaji, ni kipaimara," na wao wakitazamana. Sasa ile zawadi ilikuwa imemfunga mtu.

Alitaka kusali, maneno yakakataa. Kila alipoanza "Nakuungamia Mungu Mwenyezi", alifika "kwa maneno" akasimama. Hapo akaelewa kwamba hatakwenda kwa padre kwanza. Padre angemsamehe, na Kanchoro angelala ndani siku nyingine. Alimwaga maji kwenye moto, akawaambia wateja waliobaki wameze haraka, akajifunga leso kichwani, akashika njia ya kambini.

Kambi ilikuwa mahema na seng'enge juu ya kilima kidogo chenye mawe meusi. Nje ya lango Nurto alikuwa amekaa chini, ushungi umemwanguka mabegani, vumbi limemshika mpaka nyusi. Alipomwona Teresia alisimama haraka.

"Mama Erot! Umekuja?"

"Nimekuja."

"Nilijua utakuja. Kwa Mungu nilijua. Hawa hawataki kunisikia, nasema Kiborana wananifukuza, nasema Kiswahili wanasema najifanya." Akaushika mkono wa Teresia kwa mikono yake miwili. "Wewe wanakujua. Waambie. Waambie Jumatatu alileta maji hapa hapa kambini, wamekunywa maji yake!"

Teresia alifungua kinywa amwambie. Hapo hapo askari wa lango akaita, "Wewe mama wa chai! Unataka nini?" Naye akauchomoa mkono wake taratibu, akajiambia kwamba kwanza mtu atoke, mengine baadaye. Alijua kabisa kwamba alikuwa anajiambia hivyo kwa sababu ilikuwa rahisi.

Sajini Mutuma alikuwa chini ya turubai, anakula ndizi za kuchemsha. Alikuwa Mmeru mnene, si mtu mbaya wa sura, na siku ile ya Jumatano alimwita Teresia "mama yetu".

"Karibu, mama yetu. Umeona mwingine?"

"Hapana, afande. Nimekuja juu ya huyu. Si yeye."

Sajini akaendelea kutafuna. "Si yeye nani?"

"Kanchoro. Mtu niliyemwona si Kanchoro."

"Mama, ulisema mwanya. Tumetafuta mwanya, tumepata mwanya. Mkubwa. Unaweza kupitisha kidole." Askari wawili waliokuwa karibu wakacheka. "Ama kuna watu wamekuja kwako kukutisha? Sema tu, tutakulinda."

"Hakuna mtu amenitisha. Nilikosea neno."

"Neno gani?"

Teresia alikuwa amelipanga jibu lake njiani, kila jiwe alilokanyaga alilipanga, na sasa lilikuwa limetawanyika. "Mimi nilidhani mwanya ni hii," alisema, na mbele ya wale wanaume akavuta mdomo wake wa chini kama ng'ombe anayeangaliwa umri mnadani. "Nilidhani ni pahali jino limetoka. Yule mtu jino lake halipo. Jino la juu. Mnaita pengo. Mimi sikujua."

Kisha askari mmoja akatema maji aliyokuwa anakunywa. "Afande, huyu mama anajisifu mwanya kumbe ni pengo!" Wakacheka wote, hata wa langoni, ambaye hakuwa amesikia vizuri. Teresia hakuachia mdomo wake. Alingoja wamalize. Machozi yalimjaa, lakini aliyaacha huko huko machoni.

Sajini hakucheka. Alikuwa amesukuma sahani. "Sasa unataka mimi nimwambie bwana mkubwa kwamba nimemshika mtu kwa sababu shahidi hajui Kiswahili?"

"Ndiyo, afande."

"Unajua hiyo ni aibu?"

"Najua. Ni yangu. Nipe mimi, nitaibeba."

"Na nitajuaje kwamba huongopi sasa? Yeye ni jirani yako. Mke wake anakuletea maziwa, tunajua."

Hapo Teresia akaachia mdomo, akasimama wima. "Ndiyo maana. Kanchoro anakunywa chai kwangu kila siku. Kama ningemwona yeye, afande, ningesema Kanchoro. Si nilikwambia ni mtu mgeni? Si nilikwambia simjui? Mtu atasemaje hamjui jirani yake, halafu atoe alama ya meno?"

Ilionekana sajini alikumbuka lile neno "mgeni", na ilionekana pia kwamba lilikuwa limempita sikio moja likatokea la pili, kwa kuwa mwanya ulikuwa mwepesi kutafuta. Akajikuna shingo. "Nilidhani unaogopa kumtaja," alisema, kwa sauti ya chini kuliko ile ya mwanzo. Kisha akapaza tena. "Haya. Tuseme ni pengo. Pengo la juu. Tutalitafuta hilo."

"Hapana," Teresia akasema.

"Hapana vipi?"

"Nikisema pengo, kesho mtajaza hapa nusu ya mji. Wazee wote wana pengo. Waturkana wote tuna pengo. Afande, neno sitoi tena. Mkimshika mtu, niiteni nimwone kabla hamjamgusa. Nikimjua nitasema mbele ya macho yake. Nisipomjua nitasema hivyo hivyo."

Sajini alimtazama kwa muda, kama anayepima kama akasirike. Mwisho akaita jina, na baada ya kitambo Kanchoro akatolewa nyuma ya mahema.

Alikuwa anatembea kwa kuchechemea. Jicho moja lilikuwa limefura, na mdomo wa juu umevimba ukafunika meno, hata huo mwanya uliomfikisha pale haukuonekana. Teresia alijilazimisha kumtazama yote, kuanzia kichwani mpaka miguuni isiyo na viatu. Alisema, "Si yeye." Akarudia.

"Umesikia?" Sajini akamwambia Kanchoro kwa haraka, kama mtu anayefunga duka mvua ikija. "Kulikuwa na makosa kidogo. Mama huyu amekuja kukutetea. Mshukuru yeye. Nenda nyumbani."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nje ya lango Nurto alilia, akamshika mumewe kila mahali kama anayehakiki kwamba amerudishiwa mzima, kisha akamrukia Teresia shingoni. Wakaanza kuteremka kilima watatu, Kanchoro katikati, mkono mmoja juu ya bega la mkewe, na Nurto akiwa ameushika mkono wa Teresia upande wa pili. Njia ile ilikuwa moja tu mpaka mjini, imekatwa kati ya miiba.

"Mungu akulipe, Mama Erot," Kanchoro alisema kwa ule mdomo mzito. "Watu wa dini yangu hawakuja. Umekuja wewe."

"Maziwa sitakuuzia tena," Nurto akasema. "Nikiwa hai, maziwa yako ni bure. Wallahi."

Teresia aliona mbele mapaa ya mabati yaking'aa. Sajini alikuwa amemwachia mlango wazi kabisa. Askari hawangeshuka mjini kueleza vita vya maneno na mama wa chai. Angeweza kunyamaza. Angeitwa shujaa, na kila asubuhi Nurto angekuja na kibuyu cha bure, naye angekipokea kwa mkono huu uliokuwa umeshikwa hivi. Alijiona akikipokea. Akasimama.

"Kanchoro," alisema. "Mimi ndiye niliyekutaja."

Walidhani hawajasikia. Ikabidi aeleze, na hakuna njia nzuri ya kueleza jambo kama lile kwa mtu mwenye mdomo uliopasuka. Alieleza mgeni, lori, Lochoro, swali la sajini, jibu lake. Alisema alichodhani mwanya ni nini. Hakumtaja Lobokat. Aliona kumtaja marehemu ni kumsukumia mwingine mzigo, tena asiyeweza kujibu.

Mkono wa Nurto ulikuwa umeshatoka katika wake. Hakuona ulipotoka.

"Jana asubuhi nilikuletea maziwa," Nurto alisema. "Ulikuwa umeshasema?"

"Nilikuwa nimeshasema. Lakini sikujua ni yeye..."

"Uliniuliza habari ya Kanchoro. Nikakwambia mzima. Ukasema Mungu ashukuriwe."

"Nilisema."

Nurto akasema maneno ya Kiborana, mafupi, si kwa Teresia, bali chini kwenye mavumbi. Kanchoro alikuwa akipitisha ulimi ndani ya mdomo wake uliovimba, polepole, kama anayetafuta kama kitu chake bado kipo. Kisha akauliza, kwa mshangao tu, bila hasira:

"Kwani mama, hakuna mtu aliyewahi kukwambia?"

"Hakuna."

"Sisi sote tulikuwa tunasikia." Akatikisa kichwa. "Tulikuwa tunacheka."

Nurto akamvuta. "Twende." Wakaondoka.

Teresia aliwaacha watangulie. Lakini njia ilikuwa ile moja, na Kanchoro alikuwa akichechemea, akipumzika kila baada ya hatua chache, kwa hiyo kila alipoanza kutembea alijikuta anawakaribia tena. Angeweza kuharakisha akawapita akiangalia pembeni. Angeweza kukaa chini ya kichaka mpaka wapotee. Hakufanya lolote kati ya hayo. Waliposimama naye alisimama, walipokwenda naye alikwenda, na alipoona mguu wa Kanchoro umekosea jiwe mkono wake uliinuka wenyewe, halafu ukashuka, maana haukuwa na ruhusa.

Walipofika penye nyumba za kwanza watu walikuwa wameshasikia kwamba Kanchoro ameachiliwa. Wanawake wa Kiborana walitoka wakipiga vigelegele, wazee wakamshika Kanchoro mikono, mtu akaleta punda wake mmoja ili ampande. Peris alikuwa huko pia, miraa mkononi. "Na huyo Mama Erot!" akapaza sauti. "Si ndiye amemtoa? Mpigieni na yeye!"

Baadhi yao wakaanza kumpigia vigelegele. Nurto akageuka, akawatazama. Vigelegele vikapungua kimoja kimoja, kwa mshangao, mpaka vikaisha.

"Kuna nini?" Peris akauliza.

Watu wote wakamwangalia Teresia. Mkono wake ulikuwa umepanda kufunika mdomo, kama wakati wa usichana. Aliuteremsha, akaushikilia na ule mwingine mbele ya tumbo, ili wote wamwone anaposema, akaanza kuwaeleza.